Wageni Waje Watukute Tunajifunza

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyejaaliwa maneno machache yenye maana pana.

Ndugu wasomaji, wiki hii tunaleta jambo ambalo kamati ya msikiti wetu hapa Kengeja inalishughulikia na bado halijamalizika. Klabu ya hotuba ya vijana wetu imeazimia kuwafungulia watu mlango kwa siku moja. Mzazi, jirani, mvuvi, mwalimu na mwanafunzi watakaribishwa wakae ndani ya kikao, waone yanayofanyika humo, na atakayependa ajiunge. Tunaandika kabla ya siku yenyewe kwa sababu iko misikiti mingine yenye vijana kama hawa, huenda ikafaidika na mjadala wetu, na kwa sababu muda wa kutukosoa bado upo.

Klabu ilianza na vijana 23. Leo wanaohudhuria bila kukosa ni 11. Hakuna ugomvi uliowatoa wenzao. Watatu wamekwenda kusoma Unguja, wawili wako Maskati, mmoja ameoa Mwambe na jioni zake sasa zina mwenyewe, na waliosalia walipotea mmoja mmoja kama wapoteavyo watu katika kila jambo la hiari. Klabu ya watu 11 ni klabu bado. Lakini akiumwa mmoja, wa pili akawa baharini na wa tatu akaitwa msibani, msemaji husimama mbele ya watu saba wale wale aliowazoea, na ile hofu aliyokuja kuizoea haipo tena. Kuzungumza mbele ya watu kunataka watu.

Kwa asiyeijua, kikao huwa kila Jumapili baada ya sala ya Alasiri, katika baraza ya madrasa. Hufunguliwa kwa aya chache za Qur'ani na kumsalia Mtume. Kisha vijana wawili husimama na hotuba walizoziandaa nyumbani, kila moja dakika tano hadi saba. Baada yao hupitishwa kikombe chenye vikaratasi. Anayechota husoma swali lililoandikwa na kulijibu papo hapo kwa dakika moja au mbili, bila maandalizi. Mshika saa hukaa mbele na vitambaa vitatu. Kikiinuka cha kijani, msemaji ametimiza muda wa chini, cha manjano, aanze kufunga, chekundu, amalize. Mwingine huhesabu zile "eee" na "yaani" na "kwa hiyo sasa" zinazoziba mapengo ya fikra. Mwisho, kila aliyehutubia husahihishwa na mwenzake mmoja aliyepewa kazi hiyo mapema, kwa dakika mbili au tatu, mbele ya wote.

Utaratibu huu hatukuutunga sisi. Asili yake ni vilabu viitwavyo Toastmasters, vilivyoanza tarehe 22 Oktoba 1924 katika mji wa Santa Ana, California, nchini Marekani, pale Ralph Smedley alipowakusanya watu katika jengo la chama cha vijana wa Kikristo ili wajifunze kusema na kuendesha vikao. Hivi sasa viko katika nchi zaidi ya 140, na Dar es Salaam na Nairobi navyo vipo. Desturi ya kufanya kikao cha wazi ili kuwapata wanachama wapya ni yao pia. Mzee mmoja wa kamati alipoyasikia haya aliuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, "Maalim, watoto wetu tunawapeleka kwa nani?" Tulimjibu, "Mzee wetu, hatuwapeleki popote." Hatujajiunga na vilabu hivyo wala hatuvilipi ada. Tumechukua saa, vitambaa na mpango wa kusahihishana. Jina lao linatokana na mtu anayeongoza karamu ambamo watu huinua gilasi za mvinyo kutakiana heri, na hilo tumeliacha huko huko. Hata neno "klabu" lilimtia mzee wetu shaka, maana bara kilabu ni mahali pa pombe. Yeye hadi leo hupaita "chuo cha kusema", na kusema kweli jina lake linatupendeza kuliko letu. Makofi nayo yalijadiliwa. Tukakubaliana kwamba anayemaliza aombewe baraka, na ubishi ukaisha.

Kwamba kusema ni elimu ya kutafutwa, si jambo geni katika dini yetu. Nabii Musa (AS) alipoamriwa kwenda kwa Firauni, miongoni mwa aliyoyaomba ni kufunguliwa fundo la ulimi wake, na akaomba ndugu yake Harun (AS) awe msaidizi wake kwa kuwa alikuwa fasaha zaidi. Huyu ni Mtume aliyebeba ujumbe wa kweli, na hakuona haya kuutaja uzito wa ulimi wake. Katika Hadithi aliyoipokea Ammar bin Yasir (RA), iliyomo katika Sahihi Muslim, urefu wa sala ya mtu na ufupi wa khutba yake vimefanywa alama ya ufahamu wake wa dini. Kitambaa chetu chekundu, basi, kina asili kongwe kuliko California.

Sisi tuliopitia vyuo vya Kiislamu tulisoma pia habari za Wasil bin Ataa wa Basra, ambaye herufi ya raa ilimshinda kuitamka, akawa anahutubia bila kutumia neno lolote lenye herufi hiyo. Itikadi yake ni mlango mwingine ambao hatuufungui hapa. Lakini msomaji na ajaribu kusema dakika moja tu kwa Kiswahili bila ya herufi hiyo, ataijua kazi aliyokuwa nayo mtu yule. Na Al-Jahidh, aliyefariki mwaka 255 Hijria, alikifungua kitabu chake cha Al-Bayan wat-Tabyin kwa kujikinga kwa Mwenyezi Mungu kutokana na fitna ya maneno, na papo hapo akajikinga na kushindwa kusema. Zote mbili alizihesabu kuwa ni balaa.

Pemba haijawahi kukosa wasemaji. Hiki ni kisiwa cha Kamange na Sarahani, washairi waliojibizana kwa tungo ambazo watu wanazisoma hadi leo. Kijana wa Kengeja ukimkuta barazani penye kahawa atakueleza bei ya karafuu, makosa ya refa na sababu ya boti kuchelewa, nawe hutachoka kumsikiliza. Ajabu ni kwamba kijana huyo huyo akiingizwa katika chumba chenye meza na mtu nyuma ya meza, hunyamaza.

Mwaka jana palikuwa na mkutano wa wazazi katika skuli moja ambayo hatutaitaja. Mama mmoja alikuwa na jambo lake. Mwanawe haoni ubao vizuri, amekalishwa nyuma, na katika ripoti ameandikwa kuwa ni mvivu. Mama huyo alilijua jambo lake mwanzo hadi mwisho. Baadaye alitusimulia njiani kwa dakika mbili, na hapakuwa na neno la kuongeza wala la kupunguza. Ndani ya mkutano aliinua mkono nusu, akaushusha, akamnong'oneza shemeji yake amsemee. Shemeji akasimama, akatoa salamu ndefu, akawashukuru walimu kwa juhudi zao, akaketi. Mtoto aliendelea kukaa nyuma hadi mwaka ukaisha.

Hatudai kwamba kikombe cha vikaratasi kitaondoa mambo kama haya yote. Tunachosema ni kwamba mama yule hakukosa hoja wala haki. Alikosa mazoezi ya kusimama, basi. Na mazoezi ni kitu ambacho msikiti unaweza kukitoa kwa gharama ya vitambaa vitatu.

Turudi kwenye siku yenyewe. Rasimu ya kwanza iliyofika mbele ya kamati ilikuwa na turubai, spika kubwa za kukodi kutoka Chake Chake, viti 150, kaswida, risala ya vijana, neno la mwenyekiti, neno la sheha, hotuba ya mgeni rasmi, na pilau. Tuliisoma mara mbili tukitafuta mahali ambapo klabu ingeonekana ikifanya kazi yake. Tulipapata: dakika 15, baada ya kaswida ya pili, chini ya kichwa cha maneno "onesho la vijana".

Walioiandaa rasimu hiyo walikuwa na hoja, na si haki kuificha. Watu wetu huenda penye heshima, na heshima kwetu ina sura yake: turubai, maikrofoni, mtu mkubwa kuketi mbele. Tena mgeni rasmi mara nyingi huacha kitu mkononi, na klabu hii haina hata ubao wake wa kuandikia. Mjumbe mmoja alisema, "Mkiwaita watu baraza tupu, watadhani mmeishiwa."

Sisi tuliipinga rasimu hiyo, na sababu yetu ilikuwa hii. Mgeni wa siku ya namna ile huondoka ameshiba na amesifu. Hakuulizwa kitu, hakushika kikaratasi, hakumwona kijana akikwama katikati ya sentensi kisha akajikwamua. Risala yenyewe husomwa na kijana aliye hodari kuliko wote, tena ameandikiwa na mtu mzima. Mzazi mwenye mtoto wa kigugumizi akimtazama msomaji yule, atajiambia kwamba hapa ni mahali pa waliokwisha kujua, atakula pilau yake na kwenda zake. Nasi mtoto tunayemtaka hasa ni wake. Gharama nayo ilitusaidia kidogo katika kushawishi, kwani turubai, spika na chakula vingemaliza akiba yote ya klabu, na upungufu ungetoka katika sanduku lililowekewa pampu ya kisima cha udhu.

Baada ya vikao viwili, kimoja kirefu mno, tuliafikiana kwamba wageni waone kikao cha kawaida, kizima, kama kilivyo Jumapili yoyote. Kitaanza saa 10 kamili jioni hata kama wageni waliofika ni sita. Maelezo ya ufunguzi yasizidi dakika tano, na kila mgeni apewe nusu karatasi inayoonyesha nini kinafuata nini, ili asihangaike kumuuliza jirani. Saa 11 na robo tuwe tumemaliza. Muda uliobaki kabla ya Magharibi ni wa kahawa, tende na vitumbua, na hapo ndipo watu wa kwetu huuliza maswali yao ya kweli.

Wasemaji ni wawili. Wa kwanza ni mzoefu wa klabu. Wa pili ni kijana ambaye hotuba hiyo itakuwa yake ya tatu tu maishani, na karatasi bado humtetemeka mkononi. Kuna waliosema tusimweke mbele ya wageni. Ameulizwa mara mbili kama yuko tayari, na mara zote mbili amejibu kuwa yuko tayari. Nasi tumemwambia anaweza kubadili nia hata asubuhi ya siku hiyo bila ya kutoa sababu. Kwa maoni yetu yeye ndiye kiini cha siku. Mgeni mwenye hofu akimwona yule mzoefu atavutiwa, lakini akimwona huyu wa pili atajiona mwenyewe.

Mgeni rasmi hatakuwapo. Sheha amealikwa kama jirani na amelipokea hilo kwa furaha. Imamu wetu naye amekubali kuchota kikaratasi kama mtu yeyote, na hili tunalitazamia kuliko yote mengine. Watu wamezoea kumsikia juu ya mimbari akiwa na khutba aliyoiandaa. Safari hii watamsikia akiulizwa, bila ya taarifa, ni chakula gani alichokuwa akikikataa utotoni.

Vikaratasi vyenyewe vimetuchukulia muda mrefu kuliko tulivyodhani. Swali linatakiwa liwe jepesi kiasi kwamba kila mtu ana la kusema, na lisiwe jepesi hata likajibiwa kwa neno moja. Mfano mzuri: eleza jinsi ya kukuna nazi kwa mtu ambaye hajawahi kuiona mbuzi. Au: umempokea mgeni saa 2 usiku bila ya taarifa, jikoni hamna kitu, unafanya nini? Vijana waliandika maswali 40, tukachuja yakabaki 25. Yaliyoondolewa kwanza ni yenye harufu ya vyama vya siasa. Msomaji wa Pemba hana haja ya kukumbushwa miaka iliyofuata uchaguzi wa 1995, ndugu waliposusiana harusi na hata misiba, mpaka maridhiano ya Novemba 2009 yalipoanza kuwakalisha watu pamoja. Kisha tukaondoa masuala ya khilafu: maulidi, kunuti, kuandama kwa mwezi. Hayo yana mahali pake na yana wanazuoni wake. Kumpa kijana dakika moja kuamua jambo walilolijadili maulamaa karne nyingi ni kuifungulia mlango ile fitna ya maneno aliyojikinga nayo Al-Jahidh.

Hakuna mgeni atakayelazimishwa kusema. Kikombe kitapita kwa wanachama kwanza, halafu kitawekwa katikati ya busati, na anayetaka atachota. Akikisoma kikaratasi akaona hawezi, atakirudisha na kuketi. Wanachama wameagizwa wasimtazame kwa macho ya kumsubiri, kwani macho hayo nayo ni aina ya kulazimisha.

Mjadala mkali zaidi ulikuwa juu ya kusahihishana. Wajumbe wawili walitaka sehemu hiyo iachwe siku ya wageni, kwa hoja kwamba kumtajia kijana makosa yake mbele ya baba yake ni kumvunjia heshima, na kwamba nasaha njema ni ya faragha. Hoja hii tunaiheshimu, nayo ni kweli inapohusu dhambi na aibu za mtu. Lakini na tutazame chuoni. Mwalimu wa Qur'ani humsahihisha mwanafunzi mahali pa kutokea herufi, kwa sauti, na wenzake wote wamekaa juu ya jamvi hilo hilo wanasikia, tena wananufaika kwa kusikia. Hakuna mzazi aliyewahi kuja kulalamika kwamba mwanawe kafedheheshwa kwa kuambiwa airudie ayn. Kusema mbele ya watu ni ufundi, na ufundi husahihishwa kweupe. Wajumbe wale walikubali, wakaweka sharti moja lililotuongezea faida: msahihishaji wa siku hiyo awe anayejua kuchagua maneno.

Na kuchagua maneno kuna njia yake. Msahihishaji wetu hatakiwi kusema hotuba ilikuwa nzuri, kwa kuwa msemaji hawezi kuchukua chochote katika sifa hiyo na kukitumia wiki ijayo. Aseme, kwa mfano, "Ulipotaja mkono wa bibi yako ukipepeta mchele, sote tuliuona, tuletee zaidi ya vile." Kisha ataje jambo moja tu la kurekebisha, pamoja na namna ya kulirekebisha: "Macho yako yalikuwa kwenye dari, wiki ijayo chagua watu watatu, mmoja kila upande, na useme nao." Moja tu. Vijana hupenda kutaja matano ili waonekane wameona mengi, na aliyetajiwa matano huondoka hana hata moja. Ama mgeni aliyechota kikaratasi, yeye hasahihishwi kabisa. Anashukuriwa, anaombewa, anaketi.

Upande wa akina mama mambo yamekwenda vizuri kuliko kwetu. Wao wana kikao chao wenyewe kila Alhamisi jioni, wakati chuo hakina wanafunzi, chini ya ustadhati wetu, na wanachama wao ni 14. Vilabu vya Smedley vilikaa takriban nusu karne, hadi mwaka 1973, ndipo vikawaruhusu wanawake; Kengeja haikufikisha miezi minane. Tulikusudia kuwapendekezea kwamba kikao chao cha wazi kitangulie chetu, kwa kuwa mama akiridhika ndiye anayemtoa mtoto nyumbani, na kwa kuwa katika mikutano ya skuli, kituo cha afya na vikundi vya hisa wao ndio wanaohudhuria. Tulipofikisha ujumbe tukakuta wameshaamua hivyo, wameshagawana kazi, na mabinti wawili wameshapangiwa kukaa na watoto wadogo nyuma ya madrasa. Yaliyomo katika kikombe chao hatukuambiwa, na hatukuuliza. Tunachojua ni kwamba yule mama wa mkutano wa skuli amealikwa, na aliyemwalika ni jirani yake wa mlango kwa mlango.

Siku kuipata ilikuwa kazi. Anayepanga shughuli Kengeja kwa kutazama kalenda ya ukutani peke yake atakaa na mabusati yake. Kwanza tuliiacha misimu ya karafuu ikiwa imepamba moto, kwa sababu jioni ndiyo saa ya kuanua majamvi na usiku ni wa kuchambua, na hakuna kijana atakayeacha karafuu za baba yake zilale nje kwa ajili ya hotuba. Kisha tukatazama maji. Wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mbali, akina mama wako pwani kwa pweza, chaza na mwani, na wanarudi wamechoka. Wakati wa maji mafu, mwezi 7, 8 au 9, wengi wako nyumbani. Mitihani imekwisha, na wanafunzi walioko Unguja wanarudi likizo. Ndiyo maana tumeiweka katika wiki ya mwezi 8 Rajabu: akina mama Alhamisi, wanaume na vijana Jumapili inayofuata. Kufika Ramadhani, ambayo kikao husimama, zitabaki kama wiki saba za kuwakaribisha wapya. Ingekuwa Shaaban, muda usingetosha.

Tangazo la msikitini baada ya Ijumaa litakuwa moja tu. Mwaliko hasa ni wa mdomo. Kila mwanachama atawaendea watu wawili, mmoja katika rika lake na mmoja asiyekuwa wa rika lake, awafikie mlangoni, na siku hiyo awapitie waje pamoja na akae karibu nao. Mtu mwenye haya akifika peke yake akaona viatu vingi mlangoni hugeuza njia. Akifika na mwenzake, huvua viatu vyake.

Kuhusu simu tumekuwa wakali. Picha moja ya pamoja itapigwa mwishoni kwa wanaotaka, na zaidi ya hiyo hakuna kurikodi. Ndugu zetu walioko Maskati wameomba video, na tunajua wanaiomba kwa mapenzi. Lakini video ya mtu aliyekwama kusema haikai kwa aliyetumiwa. Inazunguka, inawekewa vichekesho, na inamrudia mwenyewe sokoni Mtambile kabla ya wiki kwisha. Kijana akipatwa na hilo mara moja, hatasimama tena mbele ya watu. Wa Maskati wataandikiwa barua, nasi tutajitahidi iwe nzuri.

Watu wakiondoka ndipo kazi inapoanza, na hapa shughuli nyingi za misikiti yetu hufa. Majina yataandikwa kwenye daftari kwa anayependa tu. Siku ya tatu, yule aliyemleta mgeni atampitia kwake, si kumshawishi, ila kumuuliza alionaje. Jumapili inayofuata zitaachwa nafasi tatu za kuchota kwa ajili ya wapya, ili aliyerudi asikae mwezi mzima akitazama. Ada ni ile ile shilingi 500 kwa mwezi, na asiyekuwa nayo anashika saa. Baadhi ya wajumbe wanataka tuhesabu watakaofika siku ya kwanza. Sisi tutahesabu watakaokuwepo Jumapili ya tatu baada yake. Wakiwa watano, tutakuwa na klabu ya watu 16, na msemaji atakuwa na nyuso za kutosha za kumtia woga.

Jambo moja halijapata ufumbuzi. Baraza ya madrasa inachukua watu 60 wakijibana, na mvua za vuli huenda zikawa hazijatutoka. Wakifika 80 na mvua ikanyesha, itabidi tuingie msikitini, na hapo kahawa na vitumbua vitakuwa na mas'ala yake. Jirani mmoja ametoa ukumbi wake wa nyuma, ambao una paa zima lakini sakafu ya mchanga. Mwenye mabusati ya ziada, na asiye na harusi wiki hiyo, ampelekee habari mwadhini wetu kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Mfunguo Tisa.